Ziwa Lililoachwa na Mgodi

Ndani ya basi la Jogoo Road, Phelister, jirani yangu wa Buruburu, alimweleza mzee asiyemjua kwamba wachimba madini waliacha ziwa jekundu kijijini kwao, kando ya shamba lao, maji yake makali kama ndimu. "Mume wangu anauza shamba Jumamosi."

"Msiuze, mama. Kwetu, bwawa kama hilo sisi wanakijiji na watafiti tulilitia samadi na nyasi. Vijidudu vya matopeni vikala, ukali ukapungua."

"Vijidudu visafishe maji? Si tunayachemsha ili vife?"

Mimi nami nilikuwa nimechemsha yangu asubuhi.

"Palinuka mayai viza," mzee alisema, "lakini vyura walirudi."

"Vyura," Phelister alinong'ona, akitazama dirishani kana kwamba anawasikia. Basi likasimama, mzee akashuka.

"Baba, walirudi baada ya muda gani?" Phelister alimwita kupitia dirishani.

Kondakta alikuwa ameshapiga kengele.