Nanga Inayokubali Kung'oka

Fumbeni macho kidogo, wanangu, kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto wa darasa la kwanza kabla ya hadithi, mlione bwawa letu mchana wa siku ya mapumziko. Maji yametulia, jua liko utosini, na boti ndogo ndogo zimesimama huku na huku, kila moja peke yake. Hakuna anayevua, hakuna anayeogelea. Watu wameketi wanamenya machungwa na kutazama chini. Mgeni akipita ukingoni atasema hawa wamepungukiwa na akili, lakini sisi tunajua kwamba kila boti imesimama juu ya nyumba yake iliyozama.

Mkubwa, usiniambie nipumzike, nitapumzika sana baadaye. Wa kati, niinulie mto. Na wewe Chiriku, sogea hapa miguuni nikuone, maana maneno haya ni ya wote watatu, lakini yamekuja kwa ajili yako.

Mali niimalize upesi. Nyumba hii ni ya wote, na chumba cha mbele asikifunge mtu kwa kufuli akasema ni chake. Mkubwa, chukua kabati la vitabu na saa ya ukutani, wewe ndiye uliyekuwa ukiijaza ufunguo tangu hujafika kimo cha meza. Wa kati, cherehani ni yako, pamoja na ile meza niliyosahihishia madaftari, itakufaa saluni. Boti ni ya Chiriku. Nawaona mnavyotazamana. Mlitaka niseme ichomwe moto. Boti haina kosa, wanangu, ni mbao tu na rangi. Ninaloliogopa ni kile mnachokiteremsha kutoka kwenye boti, na hilo ndilo lililonifanya nimeze uji wa leo bila kuutaka, nipate nguvu za kulisema.

Chiriku, ulikuwa bado mgongoni tulipohamishwa bondeni ili maji yajazwe. Watu waling'oa milango, wakabeba mabati, wakachukua hata vizingiti. Baba yenu hakutaka mlango. Aling'oa nondo za dirisha la chumba chetu cha kulala, na tulipokwisha hamia huku na kununua ile boti ya matembezi, akampelekea fundi wa kuchomelea azikunje ziwe nanga ya makucha manne. Fundi akamcheka, "Kinyozi, unataka kuvua nyumba?" Baba yenu akamjibu, "Navua chumba cha kulala tu, jiko namwachia mwalimu." Alikuwa mtu wa maneno, baba yenu. Wateja walikuja kunyolewa hata nywele zikiwa hazijaota, ili wamsikilize.

Basi tukawa tunakwenda kila siku ya mapumziko, na jirani zetu vilevile, kila mtu juu ya kwake. Kabla ya kushusha nanga tulipiga hodi. Ilianza kama mzaha. Baba yenu anasimama, anaita "Hodi humu ndani!" na Fundi Viatu kutoka boti ya pili anaitikia, "Karibu, lakini viatu mlangoni!" Au anapiga kelele, "Kinyozi, angalia nanga yako, umevunja sufuria ya mke wangu!" Tukacheka sana siku zile, na sauti zetu zikaenda mbali juu ya maji.

Siku moja baba yenu akapiga hodi, akashusha makucha, na kabla Fundi Viatu hajafungua kinywa, kamba ikavutwa mara mbili. Taratibu, jinsi mtoto anavyovuta gauni la mama yake akitaka kubebwa. Nilikuwa nimeishika kamba pamoja naye. Akanitazama, nikamtazama, akacheka peke yake. Tangu siku hiyo akaacha kuifunga kamba mbele ya boti kama watu wote, akaifunga nyuma, pale alipokalia, ili ipite kiganjani mwake.

Tena kuna hili. Kwenye kamba alikuwa amefunga kitambaa chekundu, pale inapogusa maji nanga ikifika chini. Mwanzoni kitambaa kilikaa sawa na uso wa maji. Baadaye nanga ikawa inafika chini mapema, kitambaa kinabaki ndani ya boti, kikavu. Baadaye tena kikawa kinabaki mapajani mwake, na yeye anakipapasa. Maji hayakuwa yamepungua. Nilimwuliza mlinzi wa bwawa, akaniambia ni tope, linajaa chini mwaka hadi mwaka. Mimi ni mwalimu, nilitaka sana jibu la namna hiyo, nikalishika. Lakini tope hupanda na nanga, wanangu. Makucha yale yalikuwa yakipanda safi, yanang'aa kama sahani iliyooshwa na mtu.

Siku yenyewe mnaijua, ila Chiriku alikuwa mdogo mno, ameisikia kwa watu. Tulikuwa ukingoni, mimi nanyi watatu. Upepo ukageuka, mawimbi yakaanza kuja kwa nyuma, na nyuma ya boti ndiko kulikokuwa na kamba, tena ndiko boti ilikokuwa imeinama kwa uzito wake. Boti iliyofungwa kwa mbele hulielekea wimbi na kulipanda. Iliyofungwa kwa nyuma hulinywa. Wenzake wote waling'oa wakaondoka. Fundi Viatu alisogea juu ya nanga yake, akaivuta wima, ikatoka bila ubishi, maana yeye alikuwa na nanga ya mabawa mapana, si ya makucha. Akazunguka karibu na baba yenu kadiri alivyothubutu, akawa anapiga kelele, "Kata kamba, kinyozi! Kisu unacho mkononi!" Na kweli alikuwa nacho, alikuwa anamenya chungwa. Baba yenu aligeuka, hana hofu hata kidogo usoni, akasema kwa sauti ya mtu aliye barazani kwake, "Ngoja kidogo, wananikaribisha." Maji hupeleka sauti, nilimsikia kama ninavyowasikia ninyi sasa.

Asubuhi yake boti ilikuwa imekuja yenyewe hadi ukingoni, imejaa maji. Yeye hakuonekana, na hajaonekana. Makucha yalikuwa yamewekwa juu ya kiti chake, na kamba imekunjwa mduara mzuri, ncha imepitishwa katikati. Baba yenu hakuwahi kukunja kamba maisha yake yote, niligombana naye kwa jambo hilo mpaka nikachoka. Sijui nani aliikunja. Nimefikiri miaka yote hii na sijui.

Mkubwa, na wewe nina neno lako. Humsalimu Fundi Viatu. Unapita dukani kwake umegeuza uso kana kwamba yeye ndiye aliyezuia boti. Sauti ile ya kukwaruza aliyo nayo aliipata siku ile, kwa kumwita baba yako mpaka koo likakatika. Nikishazikwa, mtu wa kwanza kumpa mkono awe yeye, tena kwa mikono miwili.

Sasa Chiriku. Ulidhani sijui. Umeyatoa makucha stoo, umeyasugua kutu, unakwenda nayo peke yako. Dada yako ndiye aliyeanza kuwa na mashaka, siku alipokusuka akauliza, "Mbona nywele zako zimelowa upande mmoja tu?" Wewe tuliyekuita Chiriku kwa kuongea, siku hizi unanyamaza mezani mpaka chakula kinapoa. Nilipokuuliza mimi ukaniambia ukweli, na ninakushukuru kwa hilo. Ulisema unalala kifudifudi, unatia sikio majini, na baba anakuita kwa jina. Ukasema nikiondoka utakwenda kumpa habari.

Mwanangu, baba yako alikuwa akikuita "Mdogo". Jina la Chiriku tulikupa baada yake, ulipoanza kuongea sana. Huyo anayekuita Chiriku huko chini, amelijulia wapi?

Usilie. Nipe mkono. Si kwamba hatukupendi ndiyo maana tunakukataza, nawe unajua.

Na dimbwi lile la stoo, ulisema bati linavuja. Mvua haijanyesha, mwanangu. Makucha yale hayakauki. Hata wiki ulizokaa nyumbani kuniuguza, nilimtuma kaka yako atazame, akakuta sakafu imelowa chini yake.

Mkubwa, nipe ule uma kwenye sahani, na kijiko. Mniache nifundishe mara moja ya mwisho. Chiriku, chomeka uma kwenye hii shuka, uvute. Umeona? Umeshika uzi. Vuta juu. Bado umeshika. Vuta nyuma. Utachana shuka kabla haujaachia. Hayo ni makucha. Yametengenezwa kwa ajili ya majabali, na hata huko si ya kuachwa bila mtu. Sasa laza kijiko, ukikokote hapa kwenye uji uliobaki. Kinazama, kinashika, uzito wa uji wote uko juu yake. Kisha kinyanyue wima. Kimetoka. Hayo ni mabawa. Mtu akienda kuchagua nanga ya boti ndogo huuliza ipi inashika zaidi, na muuzaji humwonyesha iliyo nzito. Ninyi anzeni na chini pakoje. Chukueni jiwe dogo, mlipake sabuni, mliteremshe kwa uzi, mtazame limepanda na nini. Likija na mchanga au tope, shusheni mabawa. Likija safi, halina hata punje, ondokeni mahali hapo. Msiulize kwa nini.

Chini ya kitanda hiki kuna nanga ya mabawa. Niliinunua mwenyewe nikiwa bado natembea, na kipande cha mnyororo ili ilale chini vizuri. Kamba iwe ndefu, mara tano ya kina au zaidi, maana kamba fupi huinyanyua nanga hata ikiwa nzuri. Ifungwe mbele, Chiriku, mbele daima, na kichwani mwa nanga ifungwe kamba ya pili, nyembamba, ya kuing'olea kwa nyuma ikikataa. Kisu kiwe karibu, na kisiwe cha machungwa. Na usisimame tena juu ya kwetu. Bwawa ni kubwa, lina ghuba za mchanga ambazo hapakuwahi kukaa mtu. Nenda huko na wenzako, mcheke. Boti ile ilinunuliwa kwa ajili ya kucheka.

Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Makucha msiyatupe majini. Mkiyatupa mtakuwa mmeyarudisha. Nizikeni kule mlimani nyuma ya shule, kwenye udongo mkavu, na makucha myaweke miguuni pangu. Huko yatanishika mimi, na mimi sina safari. Yakitaka kulowesha, yaniloweshe mimi.

Mmesikia? Hapana... si mlangoni. Kuna mtu anapiga hodi. Mkubwa, kaa, usiende. Inatoka chini, chini ya sakafu. Acheni. Msiitikie, hata mmoja wenu. Jamvi la kukaribishia wageni nyumba hii nimelikunja leo.

Wa kati, funika miguu yangu, pana baridi. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi. Awape mikono inayojua kushika, na... na inayojua kuachia. Pendaneni. Saa ya ukutani, mkubwa... ijaze.

Chiriku. Sogea, sauti inakwisha. Niliyoyasema mengine ukiyasahau, dada yako atakukumbusha. Moja ulishike mwenyewe. Siku moja utakuwa majini, pametulia, nawe utasikia sauti yangu chini ya boti. Itakuwa sauti hii hii. Itakuita mwanangu. Mimi sitawaita, mwanangu. Popote nitakapokuwa, nitawangoja, sitawaita. Kumbuka hilo tu, tafadhali: mama hakuiti.