Jumamosi Ambayo Mzee Masese Alichuma Chai

Marehemu Mzee Nemuel Masese Onchiri alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1947, kwenye mteremko ulio juu ya soko la Ikonge, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Onchiri na marehemu Mong'ina. Mama yake alizoea kusimulia kwamba uchungu ulimshika mchana, na mkunga akasema mtoto hatazaliwa kabla ya giza. Mtoto akazaliwa jua likiwa bado juu ya migomba. Familia nzima ilichukulia kwamba alikuwa anaiwahi Sabato, ambayo kwetu Waadventista huanza Ijumaa jua likizama. Yeye mwenyewe aliamini hivyo hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba watoto huzaliwa tu wanapozaliwa.

Alisoma katika shule ya msingi ya kanisa, karibu na nyumbani, kuanzia mwaka 1955 hadi 1962. Alikuwa kiranja wa darasa, na kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele. Siku moja mwalimu alirudi kutoka dirishani, alikokuwa akipiga gumzo na mwalimu mwenzake, akakuta jina lake liko la kwanza ubaoni. Nemuel alichapwa viboko vinne, lakini jina hakulifuta. Masomo yake yaliishia darasa la nane, na Kiswahili chake cha darasa hilo ndicho kilichotuhubiria miaka arobaini.

Mwaka 1972 alimwoa Roselyne Kwamboka. Uchumba wao ulikuwa mfupi. Kijana Nemuel alimtaka binti aseme kwanza fungu la Biblia la kukariri la juma lile, ili ajue anaoa mtu wa namna gani. Roselyne alilisema lote bila kukosea, kisha akamwomba yeye aseme la juma lililopita. Hakulikumbuka. Mama alikuwa akimkumbusha jambo hilo kila walipokosana, na ndoa yao ilidumu miaka hamsini na mitatu.

Alilima chai ekari mbili, na kuanzia 1986 hadi 2002 aliajiriwa katika kiwanda cha chai upande wa Itumbe, sehemu ya kunyausha majani. Baada ya kustaafu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu cha kununulia chai. Lakini kazi yake hasa, ile iliyomfanya ajulikane hata na watu wasiomjua, ilikuwa kanisani. Aliwekewa mikono kuwa mzee wa kanisa mwaka 1984, na tangu siku hiyo alijiona amepewa nchi nzima, Ikonge ikiwa mwanzo tu.

Mzee aliamini kwamba taifa la Kenya linatengenezwa au kuharibiwa kuanzia benchi ya mbele kanisani. Akisikia redioni kwamba wakubwa fulani wameiba, hakuuliza walikuwa chama gani. Aliuliza walilelewa kanisa gani na nani alikuwa mzee wao. Wanasiasa walikuwa wakija Sabato na salamu zao, na kila mmoja aliambiwa kwamba atapewa kipaza sauti akiweza kusema fungu la kukariri la siku hiyo. Katika chaguzi saba ni mmoja tu aliyeweza, na huyo alishindwa katika kura. Mzee alisema kushindwa kwake ni kosa la wapiga kura.

Nyumbani alikuwa mtu wa mzaha. Kwenye baraza la kanisa alikuwa mtu mwingine. Chini ya uenyekiti wake mama mmoja alikemewa kwa kuchimba viazi Ijumaa jua likizama, na Mzee alikuwa amesimama kwenye boma akiliangalia hilo jua. Hatusemi haya kumwaibisha leo, amelala hapa mbele yetu. Tunayasema kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza yasemwe.

Mwezi Mei 2008 ilijulikana kwamba Linet, kitindamimba wake, alikuwa na mimba na hakuwa na mume. Baraza lilikaa. Wazee wengine walimwomba Mzee ampishe mtu mwingine kwenye kiti, kwa kuwa anayehukumiwa ni mwanawe. Alikataa, akasema kiti hakina watoto. Shauri lilipoletwa mbele ya kanisa, kwamba Linet aondolewe katika ushirika, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa baba yake. Linet alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akahamia Nyamache, akaolewa na Thadeus, fundi seremala na Mkatoliki, na hakukanyaga tena boma la baba yake. Mimba ile ndiyo Purity, anayewasomea maneno haya.

Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Mzee hakulitaja jina la Linet, na hakuna aliyelitaja mbele yake. Mama Roselyne alikuwa na dada Nyamache ambaye, kwa bahati mbaya, aliugua mara moja kila mwezi. Mzee alimwombea sana yule shemeji. Alishangaa tu kwamba ugonjwa mmoja unaweza kudumu hivyo bila kuua wala kupona.

Ndipo ikaja Julai 2020, makanisa yakiwa yamefungwa kwa ajili ya korona. Mama alikwenda kumwona mgonjwa wake siku ya Jumatano. Alhamisi Mzee alipata homa, na mwezi ule hakuna mtu aliyekubali kusema ana homa, asije akachukuliwa na watu wa mavazi meupe. Alikunywa dawa ya mafua iliyokuwa kabatini, akaona haifanyi kazi, akanywa tena. Akalala. Alilala usiku ule, mchana wote wa Ijumaa, na usiku uliofuata. Alipoamka mzima na mwenye nguvu, tarehe 11, Jumamosi asubuhi, alijua kwa hakika kwamba leo ni Ijumaa. Chai ilikuwa imepita kimo, kwa hiyo alishika kikapu akaenda kuchuma mbiombio, Sabato isije ikamkuta shambani.

Majirani walimwona. Wengine walijificha nyuma ya ua wa boma wakichungulia, maana hawakuamini macho yao. Baada ya saa moja wakaanza kufikiri. Kanisa limefungwa, mzee wa kanisa anachuma chai, bila shaka kuna barua imetoka juu na sisi hatujasomewa. Kufikia saa sita watu kumi na mmoja walikuwa mashambani na vikapu mgongoni, na Mzee aliwapungia mkono akiwasifu kwa bidii.

Alifika kituoni na majani yake, akakuta mlango umefungwa. Alikasirika. Alimpigia simu Opondo, karani wa kituo, mtu wa Homa Bay na Mwanglikana, akamhubiria kwa muda mrefu jinsi uvivu wa watumishi unavyolimaliza taifa hili. Opondo alimheshimu sana Mzee. Alimsubiri amalize.

"Mzee," akasema, "leo ni Sabato. Si ni wewe ulisema kituo kisifunguliwe siku ya leo?"

Wanaosema Mzee alikata simu wanamwonea. Simu ilianguka. Aliketi kwenye ngazi ya kituo, na wale kumi na mmoja wakafika mmoja mmoja na mizigo yao, wakamkuta hapo, wakajua kwamba hakuna barua. Majani yote yalimwagwa chini ya migomba ya Mzee. Mwaka uliofuata migomba hiyo ilizaa kuliko wakati wowote, naye alikataa katakata kula ndizi zake.

Jioni Mama alirudi, na Mzee akamwuliza kwa uchungu alikuwa wapi, maana angekuwepo angemwambia ni siku gani. Mama alikuwa amechoka, na alikuwa amechoka kwa miaka kumi na miwili.

"Dada yangu hajaugua hata siku moja," alimwambia. "Nilikuwa kwa Linet. Na ukitaka kunipeleka kwa baraza, nipeleke."

Mzee hakumpeleka. Miezi mitatu baadaye, kanisa lilipofunguliwa hata kwa watu wa umri wake, alijipeleka yeye. Baraza lilikutana Jumapili, tarehe 18 Oktoba 2020. Mzee alisimama akajishtaki kwa kuivunja Sabato na kuwavunjisha watu kumi na mmoja, akaomba adhabu ile ile ambayo angempa mtu mwingine. Wazee wenzake walikataa. Walisema kusahau si dhambi. Walisema dawa ya mafua ina nguvu. Mmoja alisema kwamba korona ilikuwa imechanganya siku za dunia yote, hivyo huenda ilikuwa Ijumaa kweli. Walibishana saa tatu wakimtafutia njia ya kutokea, naye akaziziba zote kwa kitabu cha kanuni.

Mwishowe akasema, "Mwaka wa 2008 mlimaliza kwa dakika mbili. Linet alikuwa mtoto. Mbona leo mna huruma?"

Karani wa kanisa, Mzee Anyona, rafiki yake tangu shule ya msingi, alifunga kitabu cha kumbukumbu.

"Masese," akasema, "sisi tulikuangalia wewe. Wewe ukainua mkono."

Anyona anasema hajawahi kumwona mwanamume akikaa chini polepole vile. Baraza lilimwondolea uzee wa kanisa kwa miezi sita na kumnyima Meza ya Bwana. Sabato iliyofuata alikiri mbele ya kanisa zima. Mwakilishi wa wadi alikuwa amekuja na salamu zake siku hiyo, naye aliondoka kabla ya baraka, akimlalamikia shemasi mlangoni kwamba kiongozi kukiri kosa bila hata kukamatwa ni mfano wa hatari sana.

Mzee alihamia benchi ya nyuma, wanakokaa waliokemewa. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa akiwaona watu wa benchi ile wakitazama nje, akadhani ni ugumu wa moyo. Sabato ya kwanza aligundua kwamba spika ya upande ule haifanyi kazi na hakuna neno linalofika huko. Alimwuliza kijana aliyekaa naye ni tangu lini. Kijana akamjibu, "Mzee, mimi niliikuta hivyo."

Muda wa adhabu uliisha Sabato ya tarehe 24 Aprili 2021, akarudishiwa vyote. Kesho yake alivaa suti, akaenda Nyamache bila kumwambia mtu ila Mama, ambaye alimwonyesha njia hatua kwa hatua kama mtu aliyeipita mara mia moja na arobaini.

Linet alimkuta amesimama uani. Hakumkaribisha, na hakumfukuza. Mzee aliomba beseni la maji. Sisi Waadventista, kabla ya kushiriki Meza, hutawadhana miguu na kusameheana. Lakini yeye alikuwa Mgusii pia, na chinsoni, ile heshima yetu kati ya mzazi na watoto wake, hairuhusu baba kugusa miguu ya binti yake. Kumgusa mkwe ni vibaya zaidi. Thadeus, alipomwona baba mkwe kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amekimbilia nyuma ya zizi la ng'ombe, na alikuwa akitoa salamu akiwa huko huko. Mzee alisimama na beseni lake, hana wa kumtawadha. Ndipo Purity akaingia kutoka kucheza mpira pekupeku, mwenye miaka kumi na miwili, matope hadi magotini. Kwa mjukuu chinsoni haina neno.

"Linet," Mzee alisema, "yako siwezi, na unajua. Niletee huyu niliyemhukumu kabla hajazaliwa."

Akapiga magoti na suti yake. Purity hakujua mzee huyo ni nani hadi mama yake alipomwambia, na neno lake la kwanza kwa babu yake lilikuwa, "Sokoro, maji ni baridi." Linet alianza kulia. Alilia akienda jikoni kuchemsha mengine, na akarudi nayo bado analia, na Mzee akaiosha miguu ile mara ya pili, maana matope yalikuwa mengi.

Linet hakurudi katika kanisa letu, na baba yake hakumwomba arudi. Alikwenda yeye kumtembelea, na Jumapili kadhaa aliingia naye misa, akisimama wenzake walipopiga magoti na kupiga magoti waliposimama. Alisema Wakatoliki wana mazoezi mengi lakini spika zao zinafanya kazi. Barazani alileta shauri kwamba hakuna mtu atakayeondolewa katika ushirika kabla hajaketi, kusikilizwa na kupewa chai. Liliangushwa mara mbili, likapita mara ya tatu, na halijafutwa hadi leo.

Mzee aliugua moyo kuanzia Septemba 2024. Alilazwa mara tatu katika hospitali mjini Kisii, ambako aliwasumbua wauguzi kila asubuhi kwa kuuliza leo ni siku gani. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, Mama na Linet wakiwa kando ya kitanda chake. Tunawashukuru wote waliomhudumia. Alikuwa mkali, akatuumiza, akatubu, na tulimpenda.

Ameacha mjane, Mama Roselyne Kwamboka. Wajukuu kumi na watatu, wa kwanza kutajwa akiwa Purity. Mkwe wake Thadeus, ambaye hata leo anasalimia akiwa mbali. Na watoto wanne: Linet, Mose, Onchiri na Cynthia. Mpangilio huo ni wake, aliuandika kwa mkono wake. Katika ratiba ya mazishi ya bibi yetu Mong'ina, mama yake Mzee, mwaka 2014, watoto wa Mzee waliandikwa kuwa watatu. Ameagiza kwamba yeyote aliye na ratiba hiyo nyumbani achukue kalamu aongeze jina.

Alale kwa amani.