Pumzi ya Milimani ya Citoyen Bulonza

Kesho kutwa, tarehe 30 Septemba 1988, Citoyen Bulonza anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwatazama watu wengine wakilala. Hakuna mfanyakazi wa Zaïre aliyelipwa kwa kazi hiyo akaifanya kwa uaminifu zaidi, ingawa wapo wengi wanaolipwa kwa kulala wenyewe.

Alirudi kutoka Ubelgiji mwaka 1966 na mashine ya kupima pumzi na bidii ya kutisha. Wakubwa wakampa vyumba viwili mtaa wa Nyawera, hapa Bukavu, ukuta mmoja na baa. Hapo ndipo kituo chetu cha utafiti wa usingizi kilipoanzishwa, mahali ambapo hata paka hawakupata usingizi. Hakulalamika. Alisema anayelala Nyawera analala kweli.

Ila utafiti unahitaji mtu mwenye afya wa kulinganishia wagonjwa, na watu wa Bukavu wakisikia habari ya nyaya kifuani walikuwa wanakimbia. Basi Papa Bulonza akajifunga nyaya mwenyewe. Karatasi ya mashine ilionyesha kwamba pumzi yake akilala inakatika, inakaa, halafu inarudi kwa kishindo. Mwingine angeshtuka. Yeye, ambaye hajawahi kuugua hata mafua, akagundua kwamba hivyo ndivyo wanavyopumua watu wote wa milimani. Ulikuwa wakati wa authenticité, siasa ya serikali ya kurudia uasili wetu. Tulikuwa tumekwisha kuvua tai na majina ya ubatizo, tukaitana Citoyen badala ya Bwana, na sasa tukapata na usingizi wetu wenyewe, usiokopwa Ulaya. Mwaka 1974 akabandikwa nishani juu ya abakosti, koti letu la kitaifa lisilovaliwa na tai. Sisi wenzake tulipiga makofi sana, na baadhi yetu tukapandishwa vyeo.

Mkewe, Maman Euphrasie, hakupiga makofi. Miaka yote alikuwa akiwaambia majirani, "Muzee akilala, iko kama moulin ya kusaga mihogo. Kisha ananyamaza, mi nasema: basi, njo amekufa." Papa Bulonza alimjibu kwamba hiyo ni sayansi.

Mwaka 1981 kampuni moja ya dhahabu ilituletea dereva wake wa lori kutoka Kamituga, ambaye kitambulisho kinamwita Wakilongo na mama yake anamwita Philémon. Alikuwa akisinzia mchana kwenye usukani, na mara mbili lori lilikwenda naye mtaroni. Karatasi yake ilifanana na ya Papa Bulonza kama pacha. Ikaandikwa: mzima kabisa, pumzi ya milimani. Kampuni ikaona kwamba mtu mzima anayesinzia kazini ni mlevi, ikamfukuza.

Mwezi wa Julai mwaka huu, tukiandaa sherehe, tuliona vyema tumtanie mzee. Maman Euphrasie akatega radiokasete kando ya kitanda. Tukampa kasete tukisema ni ya mtu wa Uvira, kule chini, ambako hewa ni nzito. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema huyu bwana ni mgonjwa sana, ubongo wake unakosa hewa, na bila shaka mchana anasinzia. Asiguse usukani, aletwe hapa kabla hajafa. Akaomba jina lake.

Tulikuwa tumejiandaa kucheka, hakuna aliyeweza. Camille, fundi wa mashine, ndiye aliyelitaja: Bulonza. Mzee akauliza, "Na Philémon?"

Tulimsihi anyamaze. Ilibaki miezi miwili tu, nishani ya pili ilikuwa imeahidiwa, na vyeo vyetu vilisimama juu ya pumzi hiyohiyo. Tukamwambia yaliyopita si ndwele. Akajibu kwamba hii ndiyo ndwele yenyewe, akapanda lori la mizigo kwenda Kamituga, katika tope.

Alimkuta Philémon akitwanga mawe ya dhahabu, akamwomba radhi mbele ya mkewe na watoto. Philémon akamwambia, "Papa Docteur, mi nilisemaka niko mugonjwa. Muliniambia ni mulima. Watoto yangu banaitwaka watoto ya mulevi." Papa Bulonza, aliyezoea kutazama watu waliofumba macho, hakujua pa kuyaelekeza ya kwake.

Tangu hapo ameandika makala yake ya mwisho, fupi kuliko zote, inayosema kwamba pumzi ya milimani haipo. Nishani ya pili imepotea njiani, na mgeni rasmi wa sherehe amepata homa ya ghafla. Lakini baada ya safari mbili zaidi za mzee, kampuni imeandika kwamba Philémon hakuwa mlevi, ikampa kazi katika bohari. Usukani hakurudishiwa, mzee mwenyewe alikataa. Wote wawili sasa wanalala na kiazi kilichoshonewa mgongoni mwa shati, wasije wakalala chali. Maman Euphrasie ndiye aliyeshona, na analalamika kwamba sasa yeye ndiye hapati usingizi, nyumba imekuwa kimya mno.

Asante, Papa Bulonza. Tuliona haya kwa ajili yako, kisha tukaona haya kwa ajili yetu. Tunakutakia miaka mingi ya mapumziko, na ulalie ubavu.

Kiti cha mbele cha mgeni rasmi atakikalia Philémon. Hotuba zetu, kama kawaida, zitakuwa ndefu. Akisinzia, mtu yeyote asithubutu kumwita mlevi.