Abadi Kinfe na Injili ya Debre Hazo

Waheshimiwa mapadri, watawa wa Debre Hazo, ndugu, jamaa na majirani, naitwa Tsega, mtoto wa kwanza wa marehemu, nimeambiwa nisome polepole, lakini baba yetu hakuwahi kufanya lolote polepole, basi mnivumilie nikikimbia.

Abadi Kinfe alizaliwa tarehe 12 ya mwezi Tiqimt 1947, kwa kalenda yetu, hapa hapa Adwa, akasoma hadi darasa la kumi, akaacha shule mwaka 1964 kwa kushindwa kukaa kwenye dawati, akaenda Mekele kujifunza kupiga picha, na mwaka 1973 akafungua studio yake karibu na soko, ambako wateja walilalamika kwamba anawaamuru watulie ilhali yeye mwenyewe hatulii.

Tarehe 14 Tir 1975 alifunga ndoa na mama yetu Letebrhan katika kanisa hili, na katika picha nyingi za harusi hiyo bwana arusi hayumo, kwa kuwa alimnyang'anya mpiga picha kamera. Walijaliwa watoto watatu, mimi, Yohannes na Rigbe.

Mwaka 1996 maktaba moja ya ng'ambo ilimwomba awapigie picha vitabu vya kale vya Debre Hazo, monasteri iliyo juu ya mwamba, akapanda kwa kamba, akaona jinsi panya walivyotafuna ngozi yenye maandishi, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Sanduku la vitabu lina kufuli tatu, na funguo zake wanashika abati, yaani mkuu wa watawa, mtunza vitabu na mwakilishi wa kijiji, na wakati huo hao wawili wa mwisho hawakuwa wakisalimiana kwa ajili ya mpaka wa shamba, hivyo baba alianza kwa kusuluhisha shamba, miezi minane, ndipo akathubutu kutaja kamera. Abba Welderufael, abati wetu aliyeketi hapo mbele, alimwuliza, "We Abadi, hizo picha tutazila?" Baba akajibu, "Hamtazila, Abba, lakini panya nao hawatazila."

Mapatano yalichukua miaka mingine mitano, wakakubaliana maktaba itoe mabati ya paa la kanisa la watawa na magunia themanini ya ngano, kwa vitabu vyote isipokuwa Injili kubwa, iliyo kongwe kuliko vyote, wakatia muhuri mwaka 2002. Baba akapeleka karatasi ng'ambo bila kukumbuka kwamba huko, kwa kalenda yao, mwaka ulikuwa 2010, wakajibu kwamba kibali kimepitwa na wakati kwa miaka minane, wakazuia malipo, mvua ikanyesha ndani ya kanisa, na huko juu wakasema, "Abadi amekula mabati yetu." Maneno hayo yalimchoma, akauza gari lake, akayanunua mwenyewe, yakavutwa juu kwa kamba, bati moja moja.

Ndipo akapiga picha vitabu sitini na kimoja, nami nikimngoja chini ya mwamba na betri, maana mwanamke hapandi kule. Ikabaki Injili, ambayo kurasa zake zilikuwa zikipukutika, na kila baada ya Pasaka alikwenda kuiombea ruhusa, na kila mara aliambiwa, "Mwakani." Akirudi alizunguka uani mpaka mama akamwambia, "Abadi, kaa chini bwana, unanichosha macho!"

Mwezi Hidar 2010 figo zake zilianza kushindwa kufanya kazi, akatibiwa Mekele, akarudi nyumbani, Jumamosi akanituma barabarani niangalie kama kuna mtawa anakuja, sikuona mtu, na Jumatatu tarehe 9 Megabit 2011, alfajiri, akafariki dunia.

Leo asubuhi Abba Welderufael amefika mlangoni kwetu na wenzake, walitoka Debre Hazo Jumapili, wakitembea, bila habari za msiba, wamebeba ruhusa ya Injili yenye muhuri. Alipoona turubai la msiba alikaa chini, akalia, kisha akaniita, akasema, "Binti, kamera unaijua. Wewe huwezi kupanda, basi Injili itashuka." Haijawahi kushuka tangu ilipopandishwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulala nasi, na wapiga picha wenzake wa Adwa. Watawa nitawashukuru siku nitakapomaliza ukurasa wa mwisho, leo bado nina hasira nao.

Baba, kitabu kinashuka. Pumzika kwa amani.