Kikapu Kitupu Siku ya Mavuno

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu, na milima yote ya Masisi isikie! Papa Pasta, asante kwa kunipa nafasi. Naona wengi mnanitazama. Leo ni siku ya mavuno, kila mtu ameweka maharage na mihogo yake mbele ya madhabahu, nami nimepita na kikapu kitupu. Msininung'unikie kwanza. Nisikilizeni.

Shamba letu mnalijua. Liko bondeni, chini ya kilima wanakochimba na kuosha madini ya koltani. Mvua kubwa ilipokuja, tope la kuoshea madini lilishuka likafunika shamba zima. Tulifurahi! Udongo ulikuwa laini, unameremeta juani, tukasema Mungu ametuletea mbolea ya bure. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Wamama wenzangu, mnaijua tamaa ya udongo mwanamke akiwa na mimba. Mama mkwe wangu, mtu wa Walikale, alishika desturi ya kwao: udongo wa kula utoke kwenye shamba la mume, ili mtoto azaliwe akijua kwao. Kila asubuhi aliniletea, ameukausha motoni na kuufunga ndani ya jani la ndizi. Aliuleta kwa mapenzi, nami niliula kwa mapenzi.

Mimba ya kwanza baada ya tope kushuka ilitoka. Sijui kama ni udongo. Ya pili ilipoingia, tumbo likawa linanikata, mikono inatetemeka, nguvu hakuna. Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi aliniuliza ninakula nini. Nilipomwambia, akaacha kuandika.

"Mama, wacha ile udongo leo leo! Matope ya madini inaweza kuwa na sumu, sawa ile plombu, risasi ya mu batri. Inapita mu damu yako, inafika kwa mutoto, inaweza kuharibu akili yake."

Nikamuuliza kama sumu imeshamfikia mtoto. Akasema hapa hakuna mashini ya kupima damu ao udongo, hawezi kujua.

Ndugu zangu, hawezi kujua! Nilirudi nyumbani na neno hilo. Niliogopa sombe, majani ya mihogo yetu, niliogopa maji. Mtoto akicheza tumboni niliogopa, asipocheza niliogopa zaidi. Na tamaa haikuondoka. Mvua ikinyesha, harufu ya ardhi iliniliza. Nililia, "Bwana, funga kinywa changu!"

Nilipokataa jani la ndizi, mama mkwe alikasirika. "Unakataa udongo yetu? Huyu mutoto njo wa nani?" Akaacha kuniongelesha. Lakini kila asubuhi alilileta tu, akaliweka karibu na kitanda. Wamama wa kikundi cha maombi, mlifunga kwa ajili yangu, na Mungu alisikia! Asubuhi moja aliingia akanikuta nimepiga magoti, nimeshika tumbo, nalia. Kisha akasema, "Binti yangu, hata mimi nilipoteza mujukuu." Akaumwaga udongo nje, akarudi kunipikia uji wa mtama. Wokovu wangu niliuona siku ile kwa macho!

Mtoto ndiye huyu mgongoni. Alizaliwa akilia, haleluya! Lakini sitawadanganya. Kila siku napiga makofi nyuma ya kichwa chake, nione kama anasikia na atageuka. Anageuka, namshukuru Mungu, na kesho nitapiga tena.

Tumehamia kipande kidogo juu mlimani, tope lisikofika, bado hakijatoa kitu, ndiyo maana kikapu ni kitupu. Lakini tope linazidi kushuka, na wengine wenu mnalima jirani na shamba letu la zamani. Mihogo hii tutaila pamoja mchana. Nawasihi, kabla haijaingia chunguni, tuulizane imetoka shamba gani.

Mtumainini Bwana, hakuniacha nikiwa na hofu, hatawaacha na yenu. Na wewe mama uliyefunga jani la ndizi lenye udongo kwenye pindo la kitenge chako, najua upo hapa. Usione haya. Mama mkwe wangu amesimama pale mlangoni, mpelekee, ataumwaga mwenyewe.