Vedasto wa Filamu za Mapenzi, Aliyesomewa Mara Mbili

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu wafiwa, wakwe zetu mliotoka Soitsambu, na ninyi majirani mliosimama kule ng'ambo ya uzio kwa kuogopa kuingia, mimi ni Clemensi Tluway, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoikataa mara mbili kwa sababu naogopa, na sababu ya woga huo nitaisema humuhumu, mkinivumilia.

Kaka yetu Vedasto Tluway alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Kansay, wilaya ya Karatu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Tluway na mama yetu Martha, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza darasa la kwanza 1994 na kumaliza la saba 2000, kisha akasoma sekondari Karatu mjini hadi kidato cha nne mwaka 2004, ambako alifaulu Kiswahili, na masomo mengine tusiyataje, walimu wake wapo hapa.

Kuanzia 2005 aliosha magari ya watalii, mwaka 2010 akanunua kamera iliyokwishatumika, akapiga harusi na vipaimara kutoka Karatu hadi Digodigo, na mwaka 2013 akaanza lile lililompa jina, yaani filamu za mapenzi zenye nyimbo, akatengeneza saba, zote kwa mkono mtupu. Upepo wa kupeperusha kitambaa cha mpenzi ulitoka kwenye ungo aliopunga shangazi Angela akiwa amejificha nyuma ya mgomba, mvua ilitoka kwenye keni ya kumwagilia mboga, kamera ilitembea juu ya toroli la mbolea, na moshi wa ndoto hakuununua, alipanda tu asubuhi hadi mashamba yanayopakana na msitu wa Ngorongoro akaukuta ukungu wa bure. Watu walijaa banda la video pale mjini wakijua fika kwamba yule tajiri wa kwenye filamu amevaa koti la mwalimu Josephati, na kandambili za shangazi zilionekana kabisa pembeni mwa picha, lakini wimbo ulipoanza, wapenzi wakiimbiana kila mmoja juu ya kilima chake, watu wazima na akili zao walilia, mimi nikiwemo, wala sioni haya. Tuliona jinsi kila kitu kilivyotengenezwa, na bado tuliamini, na nadhani ndiyo maana tulizipenda.

Mwaka 2015 alihitaji msichana wa kuimba, akampata Nailantei binti Senteu, aliyekuwa akijifunza ushonaji Karatu, na kwa kuwa hakuwa na waigizaji wa kutosha akaenda Soitsambu kumwomba baba yake mzazi aigize baba, atoe baraka mbele ya kamera. Mzee Senteu, ambaye yuko nasi leo, alikataa katakata, akasema yeye akishatamka baraka huwa ametamka, hajui kutamka za uongo, kijana akiitaka picha hiyo alete posa kwanza. Kaka yangu aliyekwenda kutafuta picha ya dakika mbili alirudi Kansay na uchumba, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 2016, mzee akabariki mara moja tu, kamera ikiwaka, na Mungu akawajalia watoto wawili, Germana, ambaye yuko darasa la pili, na Emmanueli mwenye miaka minne. Hadithi hiyo ya posa tuliicheka miaka yote, hakuna aliyesikiliza onyo lililomo, kwamba neno likishatamkwa limetamkwa.

Sasa nafika mahali ninapopaogopa. Mwaka 2019 Vedasto aliambiwa hospitali kwamba valvu moja ya moyo wake imeharibika, akamwambia mkewe peke yake, akaendelea na kazi, na mwaka huu akaanza filamu ya nane, ya kijana aliyezushiwa kifo, akaigiza kijana huyo mwenyewe. Tarehe 9 Machi 2025, siku ya Jumapili, hapahapa uwanjani, tulipiga tukio la msiba kwa jeneza la kuazima kwa seremala, na mimi niliyezoea kusoma historia za marehemu kwenye kata hii nikapewa kusoma, tukakubaliana kwamba nikifika kwenye pumzika kwa amani Vedasto asukume kifuniko, ainuke, Nailantei aanze wimbo, sote tucheze. Tulifanya mazoezi mara mbili, akainuka mara mbili, pamba puani, tukashika mbavu. Mara ya tatu, kamera ikiwaka, mimi kwa mazoea ya misiba nikasahau jina la kwenye filamu, nikasoma Vedasto Tluway, amezaliwa 14 Machi 1986 Kansay, nikataja ndoa, nikataja mpaka watoto, naye humo ndani hakunikatiza kwa sababu betri ya kamera ilikuwa ya mwisho, hatungeweza kurudia. Kabla sijafika maneno yale, mvua ya kweli ikatushukia, tukakimbia sote, Vedasto naye, na jeneza likaingizwa nyumbani kwa mama lisilowe, likakaa humo hadi kesho yake.

Ninyi Wairaqw wenzangu mnajua maana ya kuingiza jeneza kwenye nyumba ya watu wazima na afya zao, mnajua metimani, yaani jinsi nyumba iliyoguswa na kifo inavyotengwa, na shangazi Angela alitufungia mlango siku ileile. Vedasto alicheka tu, akasema tutamalizia mvua zikikatika. Mvua hazijakatika mpaka leo. Tarehe 2 Mei alibanwa na kifua, tukamkimbiza hospitali, na tarehe 6 Mei, Jumanne, saa kumi alasiri, akatutoka, akiwa na miaka thelathini na tisa.

Daktari alinikalisha chini akanieleza kwamba valvu ile ilikuwa mbovu miaka mingi, hakuna karatasi iliyomuua mtu, na nimemwelewa, lakini jamani woga hausikii la daktari, naiogopa kamera ile, nayaogopa macho yenu, na zaidi namwogopa Germana, aliyeniuliza jana kwa nini baba hajainuka, maana kwenye mazoezi alimwona akiinuka mara mbili kwa macho yake. Wapo wanaotaka filamu ichomwe moto, Nailantei amekataa, anasema humo ndimo mumewe anamocheka, na mzee Senteu ameniambia kosa langu si kuanza kusoma, ni kuacha katikati, kwa hiyo nimalize. Karatasi hii ni ileile ya Machi, alama za mvua hizi hapa, nimeongeza tu yaliyobaki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku nne, majirani mlioleta kuni, maji na mahindi hata kama mliviacha getini, wenzake wa filamu mliokuja na toroli lile, Baba Paroko, na shangazi Angela, ambaye asubuhi ya leo amefungua mlango wake.

Nimebakiza maneno ambayo mvua iliyakatiza. Germana mwanangu, njoo usimame hapa, umshike baba mdogo mkono, tutazame wote wawili, nikishayasema, mama yako ataimba ule wimbo, lakini leo hatutacheza, na kifuniko hakitasukumwa, utaona mwenyewe, wala si kosa lako, na labda si langu.

Kaka Vedasto, safari hii usiinuke, pumzika kwa amani.