Maji ya Bata

Katika gari la moshi la Taveta, Wakesho aliketi akitazamana na bwana aliyevaa koti zito kwenye joto la Voi, ili asiwepo asiyejua ametoka Uingereza. Alikuwa diwani, alipelekwa huko kujifunza mabaraza ya vijijini. "Wale wana utaratibu, mama. Baraza lilikaa siku nzima kujadili kidimbwi cha bata kilichokauka."

"Siku nzima," Wakesho alisema kwa heshima zote. "Na mfereji wetu, tuliouzibua wenyewe kwa zamu mpaka mkatukataza?"

"Huo umeundiwa kamati."

"Na bata walipata maji?"

"Wiki ileile."

Gari likasimama Bura. Wakesho akaokota debe lake tupu. "Basi Bwana Diwani, iambie kamati sisi ni bata."